Usawa ni Utaratibu, Si Hisani

Mhadhara wa wazi kwa walimu, wazazi na wajumbe wa kamati za shule

 

Nimeombwa nizungumzie namna shule zetu zinavyoweza kujenga usawa kwa watoto wenye ulemavu. Nitalisema neno langu mapema, ili atakayepitiwa na usingizi baada ya pilau la wenyeji wetu asiondoke mikono mitupu. Mtoto mwenye ulemavu hawi sawa na wenzake kwa kuwa amempata mwalimu mwenye moyo mzuri. Anakuwa sawa pale shule inapopanga mambo yake ya kila siku, yaani ubao, kengele, choo, ratiba, mtihani na bajeti, ikiwa imemhesabu na yeye tangu mwanzo. Moyo mzuri ni neema, wala siubezi. Ila mwalimu mwenye moyo mzuri huhamishwa, huugua, hustaafu. Akiondoka yeye, mtoto anaanza upya kuomba. Utaratibu ukishawekwa, hauhamishwi na barua ya halmashauri.

Tulikotoka

Elimu ya watoto wenye ulemavu katika nchi zetu ilizaliwa na hisani, na hilo si la kulionea haya. Kule Kenya, Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona ya Thika mwaka 1946. Hapa Tanzania, Kanisa la Anglikana likafungua shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Kanisa Katoliki nalo likaanzisha shule ya viziwi Tabora mwaka 1963. Watoto waliokuwa wakifichwa ndani wageni wanapobisha hodi walipelekwa shuleni, wakalazwa bwenini, wakafundishwa kusoma na kuandika. Wapo watu wazima kadhaa nchini, walimu, wanasheria na viongozi, ambao wasingekuwa walivyo leo bila shule za namna hii.

Lakini hisani ilituachia mazoea mawili ambayo bado yanatutafuna. La kwanza ni kudhani kwamba mtoto huyu ana wenyewe: wa kanisa, wa mfadhili, wa ile shule yao maalumu kule mbali. Mwalimu mkuu wa shule ya kijijini anapomwambia mama, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba "huyu wa kwako, mama, apelekwe kwenye shule zao," hafikirii kuwa anamfukuza mtoto. Anafikiri anamwelekeza njia. La pili ni kwamba mtoto na mzazi wake wanatarajiwa washukuru kwa lolote watakalopewa. Kila tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, viti mwendo hugawiwa, picha hupigwa na hotuba husomwa. Kesho yake mtoto anafika shuleni na kiti chake kipya, anakuta ngazi zile zile.

Hata methali yetu tunayoipenda, hujafa hujaumbika, tumeizoea kuitumia kwa namna hiyo hiyo. Tunamsaidia mwenye ulemavu kwa kuogopa kwamba kesho yatatufika sisi. Methali ni ya kweli. Lakini haki ya mtoto kujifunza haisimami juu ya woga wa jirani yake. Ingekuwepo hata kama sisi wengine tungehakikishiwa uzima hadi kaburini.

Sheria tunazo

Nisikae sana kwenye sheria, maana hapo hatuna upungufu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006, na ibara yake ya 24 inahusu elimu. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Mwaka 2010 Bunge la Tanzania likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, ambayo inataka mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida kama wenzake, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Mwaka huo huo Kenya ikapata katiba mpya, yenye ibara ya 54 kuhusu haki za watu wenye ulemavu. Uganda ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 1997 kwa watoto wanne wa kila familia, mtoto mwenye ulemavu aliwekwa mbele ya foleni. Hapa kwetu mikakati ya taifa ya elimu jumuishi imefuatana tangu mwaka 2009, na Zanzibar nao, ambako wanaiita elimu mjumuisho, wameiingiza katika sera yao ya elimu ya mwaka 2006.

Karatasi, basi, zipo. Kinachotushinda ni safari ya kutoka kwenye karatasi hadi kwenye dawati. Naomba tuifuate safari hiyo, tukianzia pale mtoto anapoandikishwa.

Rejista inayoficha watoto

Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilikadiria kwamba duniani kuna watoto wenye ulemavu karibu milioni 240, yaani takribani mtoto mmoja katika kila kumi. Chukua shule yenye wanafunzi 800. Kwa kipimo hicho tungetarajia watoto kama 80. Mwulize mwalimu mkuu wana wangapi, huenda akakutajia watano au sita, na atakutajia kwa majina: yule wa kiti mwendo, wale wawili wenye ualbino, yule kiziwi. Wengine wako wapi? Baadhi wako nyumbani. Na wengi wao wamo humo humo darasani, hawajulikani.

Ni yule binti anayekaa nyuma na kunakili kila kitu kutoka kwenye daftari la jirani, kwa sababu ubao hauoni. Mwalimu anamwita mvivu wa kufikiri. Ni yule mvulana ambaye masikio yake yamekuwa yakitoka usaha tangu utotoni, kwa hiyo husikia nusu ya maelezo na kufanya nusu ya kazi. Huyu anaitwa mkaidi, na ukaidi wake hutibiwa kwa fimbo. Shule haimwadhibu kwa makosa yake, inamwadhibu kwa usaha wa masikio.

Dawa ya kwanza haigharimu chochote. Uandikishaji wa watoto wa awali na wa darasa la kwanza hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka, na mzazi huwa ameketi mbele ya mwalimu. Ukimwuliza, "Mtoto wako ni mlemavu?" atakujibu hapana, na ataharakisha kujibu. Ni nani apendaye kuliandikisha jambo hilo? Mwulize badala yake namna wataalamu wa takwimu wanavyouliza siku hizi. Je, mtoto anapata shida kuona, hata akivaa miwani? Anapata shida kusikia? Kutembea au kupanda ngazi? Kukumbuka na kutulia kwenye jambo moja? Kujihudumia, kama kuoga na kuvaa? Kuwasiliana, yaani kuelewa na kueleweka? Kila swali lina majibu manne: hapana shida, shida kidogo, shida kubwa, hawezi kabisa. Mzazi aliyekana ulemavu atakusimulia shida hizo moja baada ya nyingine, kwa sababu ameishi nazo.

Kisha bandika ukutani chati ya herufi E, mtoto asimame mita sita, aonyeshe kwa kidole miguu ya ile E inaelekea wapi. Mwalimu akielekezwa na mhudumu wa afya anaifanya kazi hii darasa zima kwa asubuhi moja. Anayeshindwa anapewa rufaa kwenda zahanati au hospitali. Wapo ambao tatizo lao litakwisha kwa miwani. Wapo ambao litaendelea, na hao ndio wanaokuhitaji ujue mapema.

Mteremko wa picha na mteremko wa kupita

Sasa jengo. Naanza na ngazi za mlangoni, kwa sababu hapo ndipo tofauti ya hisani na utaratibu inaweza kupimwa kwa futi kamba.

Kipimo kinachokubalika kwa njia ya mteremko ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Darasa lenye ngazi tatu za sentimita 15 kila moja limepanda sentimita 45. Zidisha kwa 12, unapata sentimita 540, yaani mita tano na sentimita 40. Huo ndio mteremko ambao mtoto wa kiti mwendo anaupanda kwa mikono yake mwenyewe. Lakini fundi akiachiwa kazi bila kipimo, na nafasi ni finyu, na saruji imebaki mifuko miwili, humwaga zege la mita moja na nusu kutoka kizingitini hadi chini. Mkaguzi akija, anaandika kwamba mteremko upo. Mpiga picha naye anapiga. Mtoto akifika, anahitaji wenzake wawili wa kumsukuma, na akiteremka anahitaji watatu wa kumzuia asianguke kifudifudi. Huo ni mteremko wa picha. Utaratibu unasema kwamba kabla zege halijakorogwa, mjumbe wa kamati ya shule apime kimo, azidishe kwa kumi na mbili, achore mstari chini, na fundi aambiwe: ishia hapa. Na pale wananchi wanapoanza boma jipya kwa nguvu zao, mstari huo uchorwe pamoja na msingi. Kuubomolea ukuta baadaye ni gharama ambayo kamati nyingi hukimbia.

Choo nacho kina siri zake. Wapo watoto, hasa wasichana, ambao hawanywi maji tangu asubuhi hadi wanaporudi nyumbani, kwa sababu choo cha shimo cha kuchuchumaa hakiingiliki kwa magongo wala kwa kutambaa. Mtoto anayetambaa anaweka viganja vyake pale ambapo wenzake wameweka soli za viatu. Tundu moja kati ya yaliyopo likiwekewa kiti cha kukalia, bomba la kushikilia pande zote mbili, mlango mpana unaofunguka kwa nje na sakafu isiyoteleza, mtoto huyo atakunywa maji kama wengine na akili yake itabaki kwenye somo. Na tundu hilo lisigeuzwe stoo ya majembe.

Kuna mwalimu ataniambia: "Lakini shule yetu haina mtoto wa kiti mwendo." Nami nitamjibu: mama yake alikuja, akaziona ngazi, akageuka naye. Shule inayongoja mtoto aje kwanza ndipo ijenge itangoja sana. Na siku itakapojenga, itaona maana ya mgeni njoo mwenyeji apone, maana bibi atakayekuja kumwandikisha mjukuu, mwalimu mjamzito na mpishi mwenye ndoo ya uji watapita hapo hapo.

Sema unachokiandika

Tuingie ndani. Hili ni somo la hisabati, na darasani yumo mtoto asiyeona, amekaa mstari wa mbele kama kanuni inavyotaka. Mwalimu anaandika mlinganyo ubaoni, anaeleza: "Sasa hii tukiitoa hapa, tukaipeleka kule, inabadilika alama, si ndiyo? Halafu tunaigawanya kwa hii, tunapata ile." Darasa zima linaitikia ndiyo. Mtoto wetu naye anaitikia, kwa sababu kunyamaza kungemwonyesha. Ameambulia hii, hapa, kule, ile. Ameandikishwa, amehudhuria, amekaa mbele, na somo limempita.

Mwalimu huyo si mkatili wala hahitaji mashine ya kigeni. Anahitaji mazoea mapya ya ulimi: "Tuna tatu eksi jumlisha tano, sawasawa na ishirini. Tano tunaihamishia upande wa kulia, inakuwa hasi tano. Ishirini kutoa tano ni kumi na tano. Tatu eksi ni sawasawa na kumi na tano. Gawanya kwa tatu, eksi ni tano." Hakutumia muda zaidi ya wa kwanza. Na atashangaa kugundua kwamba kuna watoto wanaoona vizuri kabisa ambao nao leo ndiyo wameelewa.

Kanuni ni fupi kiasi cha kuandikwa juu ya mlango wa ofisi ya walimu: sema unachokiandika, andika unachokisema. Nusu ya kwanza ni ya asiyeona na mwenye uoni hafifu. Nusu ya pili ni ya kiziwi na asiyesikia vizuri.

Watu wa pwani watalielewa jambo hili upesi, kwa sababu vyuo vya Kurani vimejengwa juu ya sikio na ulimi. Mtoto asiyeona hukaa jamvini, husomeshwa kama wenzake, na anaweza kuhifadhi kuwapita. Kule Misri, Taha Hussein, aliyezaliwa mwaka 1889 na kupofuka utotoni, alianzia katika chuo cha namna hiyo kijijini kwao, akaendelea hadi Al-Azhar na vyuo vikuu, na mwaka 1950 akawa waziri wa elimu wa nchi yake. Macho yake hayakubadilika kati ya chuoni na wizarani. Kilichohusika ni namna alivyofundishwa. Pale ambapo maarifa yote yamebandikwa ukutani, asiyeona amezuiliwa. Pale yanapotamkwa pia, amefunguliwa.

Sisemi nukta nundu haina kazi. Ina kazi kubwa, kwa sababu mtu hajui tahajia kwa kusikia tu. Maandishi hayo aliyatoa Louis Braille wa Ufaransa mwaka 1829, akiwa kijana wa miaka ishirini: nukta sita tu, zinazopangika kwa namna 63. Mtoto asiye na mashine ya nukta nundu huandika kwa kibao na kalamu ya kutobolea, tena kutoka kulia kwenda kushoto, ili akigeuza karatasi asome kwa vidole kutoka kushoto kwenda kulia. Jaribuni siku moja kuandika jina lenu kinyumenyume, herufi moja moja, kwa kutoboa. Ndipo mtajua kwa nini kumwambia "nakili haraka, nafuta ubao" ni kumfungia mlango. Mwalimu akimpa maandalio ya somo siku moja kabla, au akimpa mwenzake ruhusa ya kumsomea taratibu wakati wa mapumziko, amempa muda ambao kibao chake kinaudai.

Hoja ya viziwi

Hapa huenda nikawakwaza baadhi ya watetezi wa elimu jumuishi, nami ni mmoja wao. Mtoto kiziwi mmoja, peke yake, katikati ya watoto mia wanaosikia, na mwalimu asiyejua lugha ya alama, hajajumuishwa. Amewekwa kwenye upweke mbele ya mashahidi. Mtoto huyu hakukosa sauti tu, amekosa lugha, na bila lugha hakuna somo litakaloingia. Mkataba ule wa 2006 uliliona hili: unataka viziwi wafundishwe kwa lugha zinazowafaa, katika mazingira yanayowakuza kimasomo na kijamii, na lugha ya alama iendelezwe. Katiba ya Kenya nayo imeitaja lugha ya alama ya Kenya katika ibara yake ya 7, ile ile inayotaja Kiswahili na Kiingereza.

Kwa hiyo njia ya busara ni kuwakusanya watoto viziwi wa eneo moja katika shule moja ya kawaida, wapate kuwa kundi lenye lugha yake. Hapo halmashauri ipeleke walimu wanaoijua Lugha ya Alama ya Tanzania, wakiwemo watu wazima viziwi. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kina watu wa kuwauliza. Kisha watoto wanaosikia nao wafundishwe lugha hiyo. Watoto hujifunza kwa kasi inayotuaibisha sisi watu wazima. Muhula mmoja tu, na tayari wanasengenyana kwa mikono mstarini.

Na pale alipo kiziwi mmoja leo, kabla ya hayo yote? Mwalimu asizungumze huku ameugeukia ubao. Aandike maneno mapya. Na tuitazame kengele. Shule nyingi hugonga ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Mtoto kiziwi hujua kwamba imegongwa pale anapoona wenzake wanakimbia, na kama alikuwa ameinamia mchezo wake, anafika wa mwisho. Anaadhibiwa kwa kuchelewa. Utaratibu ni kumpa kiranja bendera ya kupeperusha wakati huo huo ringi inapogongwa. Kitambaa na mti, basi.

Kanuni zilizotungwa bila yeye

Kengele inatufikisha kwenye kanuni za shule, ambazo mara nyingi huumiza bila mtu kukusudia. Kanuni ya sare inakataza kofia. Mtoto mwenye ualbino anasimama mstarini kwenye jua bila kofia, akiimba wimbo wa taifa, na ngozi yake inaungua hadharani kwa kufuata kanuni. Mchana anapelekwa kupalilia bustani, kwa sababu zamu ni zamu. Wengi wa watoto hawa wana uoni hafifu pia, ila wanakalishwa karibu na dirisha "wapate mwanga", na mwanga huo huo ndio unaowafumbisha macho.

Badilisha kanuni: kofia pana na mikono mirefu ni sehemu ya sare yake. Zamu yake iwe ya ndani au ya asubuhi na mapema. Akae mbele, mbali na dirisha linalopigwa na jua. Ubao uliochakaa ukawa wa kijivu upakwe rangi nyeusi upya, chaki ionekane. Mafuta ya kukinga ngozi na jua hutengenezwa hata hapa nchini, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi. Shule iulize kupitia hospitali ya wilaya namna ya kuyapata. Na walimu wakumbuke kwamba kuna wakati watoto hawa walikimbizwa makwao na kuwekwa katika vituo kama Buhangija, Shinyanga, kwa ajili ya usalama wa maisha yao. Kwao, shule kuwa mahali salama ni suala la uhai.

Kifafa nacho kina kanuni yake isiyoandikwa: mtoto akianguka, wenzake wanakimbia, kwa kuamini kwamba mate yake yanaambukiza. Hayaambukizi. Mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, ngoja aamke. Mwalimu akilifanya hilo mara moja mbele ya darasa kwa utulivu, amefundisha sayansi kuliko kipindi kizima.

Kitengo cha pembeni

Watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji ndio tunaowaacha nyuma zaidi. Shule ikiwa na kitengo chao, mara nyingi ni chumba kimoja mwisho wa uwanja, na mwalimu wake ndiye wa kwanza kuondolewa kwenda kuziba pengo la mwalimu mwingine aliyeugua. Watoto hawa wakichanganywa umri na uwezo, mwaka baada ya mwaka, hakuna anayejua wamepiga hatua gani, kwa sababu hakuna aliyeandika walipoanzia.

Utaratibu hapa una sehemu mbili. Ya kwanza ni daftari la hatua. Kila mtoto aandikiwe malengo machache ya muhula, yaliyokatwa vipande vidogo. Kufunga kamba za kiatu kuna hatua tano sita. Aliyeijua hatua ya tatu leo amefaulu leo. Mzazi aonyeshwe daftari hilo kama wazazi wengine wanavyoonyeshwa ripoti. Sehemu ya pili ni kuvunja ukuta wa uwanja: uji wanywe pamoja na wenzao, nyimbo waimbe pamoja, michezo wacheze pamoja, na wale wanaoweza waingie darasa la kawaida kwa somo wanalolimudu. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam, imekaa miaka mingi na watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu katika kiwanja kimoja. Nani asomee wapi na kwa kipindi gani, hilo hupangwa kwenye ratiba.

Mtihani wa Ijumaa

Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Wenye uoni hafifu huandaliwa karatasi za maandishi makubwa. Hilo ni jambo jema, na ni mfano wa utaratibu usiotegemea moyo wa mtu.

Lakini je, mtihani wa Ijumaa wa darasani kwako una dakika hizo? Mara nyingi hauna. Mtoto anafanya majaribio yote ya miaka yake ya shule kwa haraka ya wenzake, anapata 28 kati ya 100, anajiita mjinga na kuzoea, halafu anaongezewa muda siku ya mwisho, wakati imani yake imekwisha kufa. Muda huo uanze darasa la kwanza. Karatasi ya maandishi makubwa nayo haitaki kiwanda. Inataka mwalimu akumbuke kukuza herufi kabla ya kuchapa.

Pingamizi la haki

Najua mnayoyasema mioyoni, walimu wenzangu. Darasa lina watoto mia na ishirini, madawati hayatoshi, ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka na sehemu yake hubaki kwa ajili ya vitabu. Mwalimu mwenye mafunzo ya elimu maalumu kutoka Chuo cha Patandi hajawahi kupangiwa shuleni kwenu. Pingamizi hilo ni la haki, na mtu anayewaambia kwamba upendo unatosha anawadanganya.

Ila tuyapange mambo kwa mafungu. Fungu la kwanza halina bei: maswali ya uandikishaji, kusema unachokiandika, mahali pa kukaa, kofia, bendera, muda wa Ijumaa, kumwita mtoto kwa jina alilopewa na wazazi wake na kutovumilia jina lingine. Kwa hili hatuna udhuru. Fungu la pili linataka fedha kidogo na mikono ya wananchi: mteremko, tundu la choo, rangi ya ubao. Hili ni la kamati na serikali ya kijiji. Fungu la tatu, yaani walimu wa elimu maalumu, mashine za nukta nundu, vitabu na upimaji wa kitaalamu, ni la halmashauri na serikali kuu, na mzazi asidanganywe kulichangia kwa harambee. Shule ikitimiza mafungu mawili ya kwanza, inapokwenda kulidai la tatu inakwenda na orodha: majina, idadi, mahitaji. Bajeti husikiliza orodha. Vilio huvipa pole.

Kwa hiyo naomba kikao kijacho cha kamati ya shule yenu kiwe na ajenda hii, iandikwe kwenye muhtasari. Kwanza, nafasi moja ya mjumbe iwe ya mzazi wa mtoto mwenye ulemavu au mtu mwenye ulemavu mwenyewe. Bila yeye mtajenga mteremko wa picha. Pili, maswali sita yaingizwe kwenye uandikishaji unaokuja. Tatu, kila kanuni ya shule isomwe upya kwa sauti, na baada ya kila moja mjumbe mmoja aulize inamwumiza nani. Nne, kazi moja ya ujenzi ichaguliwe kwa mwaka huu, ipimwe kabla ya kumwagwa zege. Tano, mtu mmoja apewe jukumu la kufuatilia, jina lake liandikwe, na aulizwe kila kikao.

Mwalimu mkuu akihamishwa mwezi unaofuata, atakayempokea atakuta muhtasari huo kwenye jalada, na ataulizwa umefikia wapi.

 Maswali tuyaanze kwa wanafunzi.